Jina la Baba Mukwe

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Mukono wangu uko na bahati. Naandika hivyo kwanza kwa sababu leo tena nimepata mushipa wa katoto ka miezi mine, mushipa ambao bainfirmier babili, bauguzi ba diplome kubwa, bamekosa. Mara moja tu. Sindano imeingia kama mutu anaingia kwake. Miaka kumi na moja ya kazi, na hata mugonjwa mumoja hajakufa mu zamu yangu. Hata wakati wa Ebola. Bengine bako na diplome. Miye niko na mukono.

Diplome yangu ni A3, ile ya chini kabisa. Vita ilinikuta mu mwaka wa pili wa sekondari, na shule ikaishia pale. Lakini nilifika Kampala mara tatu. Kisangani mara moja, kwa ndege ya mizigo, nimekaa juu ya mifuko ya maharagwe. Niko na lugha sita, na mu zote sita najua kuomba bia.

Bagonjwa kumi asubuhi. Perfusion tatu, maji ya mushipa. Kitanda cha ine, binti aliyepasuliwa apandisiti, na mama yake Bibi Mwamini, garde-malade wa kumuuguza, anayetawala salle nzima ya bagonjwa kama bourgmestre wa commune ya Kimemi. Muislamu, muchuuzi wa chumvi na mawese. Alitembea barabara zote za Masisi kabla ya vita. Ananiita "Docteur wa uongo". Namupenda sana.

Saa tano lori mbili za bahamiaji zikasimama mbele ya hospitali yetu. Batu ba Masisi, banaosema Kinyarwanda, banapita kwenda Ituri kutafuta mashamba. Hapa Butembo habaruhusiwi kukaa. Bakateremusha mwanamuke mumoja, mimba kubwa, damu kwenye kitenge. Lori zikaendelea Beni na batu bake bote.

Kitanda cha tano. Jina Vestine. Bwana yake alibaki nyuma njiani, hajui kama anaishi. Swahili yake ni maneno kumi hivi. Hana garde-malade. Na hospitali yetu haipikii mutu. Bila garde-malade hakuna wa kukusongea bugali, wa kukufulia, wa kukimbia pharmacie, wa kukusemea.

Fiche, karatasi ya mugonjwa, inauliza chef de famille, mukubwa wa jamaa. Akasema ni baba mukwe wake. Jina lake? Akageukia ukuta. Nikauliza tena. Ukuta. Mara ya tatu tumbo langu lilikuwa linasikia harufu ya sombe, majani ya mihogo, huko nyuma. Nikaandika Habimana. Bote si ni ba Habimana. Nikacheka peke yangu nikaenda kula.

Jumanne, tarehe 4

Siku mbaya.

Mama Kavira amerudi kutoka congé. Ndiye titulaire wetu, mukubwa wa bainfirmier bote. Ndiye alinifundisha kushika sindano, nisiseme uongo. Anaamuka kabla ya kuku, anajua kila mugonjwa na jina la kijiji chake. Lakini mudogo wake aliuawa mwaka jana kule kusini mwa Lubero, na tangu siku ile akisikia Kinyarwanda uso wake unafunga.

Alifanya tour ya salle. Kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha ine. Akaruka cha tano kama vile hakuna kitanda. Hakuna thermomètre, hakuna tension. Bengine bakamufuata, bakaruka vilevile. Nilimupima miye, baadaye. Tension 9 kwa 6, iko chini.

Docteur akaleta echographie, picha ya tumbo. Docteur ni mutu wa Kasai, serikali ilimutuma huku. Akaonyesha: kondo imekaa chini, imefunga mulango wa mutoto. Uchungu ukianza, damu itatoka yote. Lazima kumupasua mbele ya hapo. Akapanga Ijumaa. Akaomba mambo mawili: damu ya mutu, na saini ya mukubwa wa jamaa, mwenye jina na mwenye kuonekana. Ni règlement. Mwaka jana jamaa ya mutu mumoja ilivunja madirisha yetu kwa sababu ya operesheni bila saini. Tangu hapo Docteur hashiki kisu bila karatasi.

Mama Kavira akatwaa fiche. Akasimama mbali na kitanda, akauliza:

"Baba mukwe yako, njo Habimana?"

Vestine akatikisa kichwa. Hapana.

"Donc ni nani?"

Akageukia ukuta tena.

Mama Kavira akatugeukia akiinua fiche juu. "Jana Habimana, leo hapana. Mutu mwenye kuficha jina ya muzee wake, anaficha nini ingine? Bwana yake iko wapi? Mu pori na bunduki?"

Akasema atajulisha batu ba usalama.

Na miye? Nilikuwa nimesimama pale, na sahani ya pamba mu mukono. Miye nisiyenyamaza hata kanisani. Nilinyamaza.

Jumatano, tarehe 5

Sikulala vizuri. Habimana alikuwa amekaa juu ya kifua.

Saa sita, garde-malades banapika kule nyuma, banapitisha sahani toka kitanda mupaka kitanda. Ni desturi yetu, mugonjwa wa jirani analambishwa kidogo. Sahani ilifika cha ine ikageuka. Niliona kwa macho yangu. Basi Bibi Mwamini akasimama, pole pole kwa sababu ya magoti, akachukua sahani ya binti yake mwenyewe akaiweka kwenye cha tano. Akawaangalia bale bamama mumoja mumoja.

Kisha akakaa kwenye kitanda cha Vestine, akaanza kuongea naye Kinyarwanda. Kumbe anakijua kama maji. Siku tatu amenyamaza, anatuangalia tunavyojisumbua. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuna aliyemuuliza, na tena yeye ni mwanamuke wa chumvi, si mufasiri wa serikali.

Bakaongea muda murefu. Vestine akalia kidogo, akacheka kidogo. Bibi Mwamini akaniita na kidole.

"Docteur wa uongo. Kuya hapa. Kirazira. Unajua kirazira?"

Sijui.

"Ni mwiko. Bibi-arusi hataje jina ya baba mukwe. Hata umupige. Hata anakufa. Akitaja ni kama amemuvulia nguo mbele ya batu. Miye niliuzishaka chumvi kule Masisi kwa mama mumoja, ukimuuliza muzee wake anaitwa nani anaita mutoto ya jirani akuje kusema."

Nikasema hiyo ni mambo ya zamani. Akacheka mupaka akakohoa.

"Na mama yako weye, Munande wa hapa, alikuwa naitaka baba ya baba yako nani?"

Nikafungua kinywa. Muzee wa Juu. Mama alimuita hivyo siku zote kwa sababu nyumba yake ilikuwa juu ya kilima chetu. Mupaka nilipofika miaka kumi nilifikiri ndilo jina lake la ubatizo.

Nilikaa kwenye kitanda kitupu.

Nikajaribu njia ya ujanja. Nimutajie majina miye, Vestine atikise kichwa tu. Nikaanza. Habimana, hapana. Nikataja jina la dereva niliyemujua Goma. Hapana. La muchuuzi wa ng'ombe. Hapana. Nilifika makumi mbili, majina yote ninayoyajua yakaisha. Bibi Mwamini akasema kila mutu kule anapewa jina lake mwenyewe siku ya kuzaliwa, majina ni mingi kama batu, nitataja mupaka Pasaka. Kumbe si bote ni ba Habimana. Nimeishi miaka makumi tatu na nane bila kujua hiyo, miye mutu wa lugha sita.

Nikaenda mu bureau ya Mama Kavira. Nikamuambia: Habimana ni wangu. Nilimubuni miye, kwa sababu ya sombe. Yule mwanamuke hakudanganya hata neno moja.

Akaweka kalamu chini.

"Ulichezea fiche ya mugonjwa?"

Ndiyo.

Akasema nitapata demande d'explication, barua ya kunitaka nijieleze, na mukubwa wa hospitali ataisoma. Ni haki yake. Kisha nikamueleza kirazira. Nikamueleza hata Muzee wa Juu. Alisikiliza mupaka mwisho, hakunikata.

"Mila ni ya kwao kijijini. Hapa ni hospitali," akasema. "Siku mudogo yangu alikufa, mila yetu nani aliiheshimu? Tulimuzika bila kumuona uso."

Nikatoka.

Lakini naandika hapa: yule mwanamuke hakuua mudogo wa mutu. Alitoka damu mbele ya mulango wetu. Basi.

Docteur alipiga simu Beni, kule bahamiaji banapopumuzika. Bakamujibu listi zimepangwa kwa jina la chef de famille. Bataje jina, batamutafuta.

Alhamisi, tarehe 6

Naandika na mukono wa kushoto. Wa kuume una pamba na bandi.

Saa mbili asubuhi damu ikafunguka. Si kidogo. Godoro lote. Bibi Mwamini ndiye aliona kwanza, akapiga mukono kwenye chuma cha kitanda kama kengele. Docteur akaja mbio. Ijumaa imekufa, ni sasa hivi. Akauliza saini. Mama Kavira akasema hakuna jamaa, hakuna jina, hakuna saini. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mutu anayesoma mubao ukutani.

Docteur akasimama na ile karatasi. Niliona jasho lake. Mutu wa Kasai, peke yake huku, madirisha ya mwaka jana yako mu kichwa chake. Simulaumu.

Nikamunyang'anya karatasi. Ndiyo, nilimunyang'anya. Nikaweka kwenye ukuta nikaandika. Responsable: Kakule, infirmier, hapa hapa. Uhusiano na mugonjwa: ndugu. Simu: yangu. Saini: ile yangu kubwa yenye mukia.

Mama Kavira akaniuliza mbele ya salle nzima, "Weye ni ndugu yake tangu lini?"

"Tangu saa mbili na nusu, Mama."

"Akikufa, ni weye."

"Ni miye."

"Batakufukuza."

"Banifukuze. Kampala banatafutaka bainfirmier." Uongo. Kampala hakuna anayenitafuta. Lakini mudomo ukishatoka nyumbani haurudi bule.

Docteur akaangalia karatasi. Akasema, "Saini iko? Iko. Tuende bloc."

Ikabaki damu. Miye ni O, yule anayefaa kila mutu. Siku zote najisifia hiyo kwenye bia. Bakanilaza, bakavuta. Nilikuwa nachekesha batu ba labo, nikibaambia mutoto atazaliwa akijua kuomba bia ya Primus. Nikasimama haraka nionyeshe nguvu. Nikaanguka kama gunia la mihogo. Bibi Mwamini alinimwagia maji, akaniletea chai ya sukari mingi, akasema amekwisha kuona banaume bengi ba Butembo, na bote banaanguka hivyo hivyo.

Kwa hiyo bloc, chumba cha kupasulia, sikuiona. Nilikaa kwenye benchi nje ya mulango. Nikaona Mama Kavira amesimama kwenye mulango wa bloc. Hakuna mwingine anayejua kumusaidia Docteur na kisu. Alisimama. Dakika mbili, tatu, sijui. Uso umefunga. Kisha akaenda kwenye robinet ya maji akaosha mikono. Pole pole, kidole kwa kidole, vile alivyonifundisha. Akapita mbele yangu.

"Kazi ni kazi," akasema. "Usifikiri ni juu yako."

Binti. Kilo mbili na nusu. Alilia mara moja. Mama yake anaishi.

Ijumaa, tarehe 7

Nimekuwa garde-malade. Baridi ya asubuhi ya Butembo, na miye kule nyuma nakoroga uji wa soya na mwiko wa mutu mwingine. Nilisaini undugu, basi ndugu anapika.

Nilifua vitenge vya damu pia. Kwetu mwanaume hafui hivyo. Bamama bakaacha sufuria zao ili kuangalia. Mumoja akauliza kama ni bibi wangu wa pili. Nikamujibu ndiyo, na niko natafuta wa tatu, mwenye nguvu ya kufua, kama yeye yuko tayari alete barua ya wazazi. Bakacheka. Mumoja akanipa sabuni. Nilisukuma ile damu kwenye maji nikafikiri nusu yake ni yangu.

Leo sahani ya saa sita imepita kitanda cha ine ikafika cha tano. Haikusimama muda, lakini imefika.

Mama Kavira amepima tension ya kitanda cha tano. Amepima, ameandika, ameenda. Hakumuamukia. Sindano ya antibiotique alimupa kwa upole, niliona mukono wake. Uso hapana.

Bamama ba salle banaongea tu juu ya kitenge cha huit mars, siku ya bamama, nani ameshona na nani hajashona.

Saa nane alikuja mutu wa usalama, koti refu na kalamu mbili. Anatafuta Habimana. Nikamuambia Habimana ni miye, yaani ni miye nilimuzaa, mu kichwa changu, siku ya njaa. Hakucheka. Batu ba usalama habachekaki. Akaandika jina langu mu carnet yake. Akasema mugonjwa huyu siku ya Jumatatu apewe batu bake, banaojulikana kwenye listi. Batu bake basipokuja, atamuchukua yeye, kumuhoji. Na mutoto? Na mutoto.

Mwanamuke mwenye nyuzi kwenye tumbo, na katoto ka siku nne.

Jioni demande d'explication imefika. Karatasi yenye cachet, muhuri wa hospitali. Kwa nini agent Kakule alibuni jina kwenye fiche. Kwa nini agent Kakule alijifanya jamaa ya mugonjwa asiyejulikana. Nijibu kwa maandishi, mwisho ni Jumatano saa kumi.

Nitajibu. Kwanza kesho naenda Beni.

Jumamosi, tarehe 8

Nimerudi, mugongo wangu hauko wangu tena.

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Taximan wa moto, yaani pikipiki, ni rafiki, anaendesha kama ameiba. Tukapita Maboya, Kabasha, pale ambapo batu habapendi kusimama hata kukojoa. Bamama ba vitenge bipya kando ya barabara kila kijiji, banaenda kwenye défilé ya siku yao. Baridi ikaisha, joto la Beni likaanza. Nilikuwa bado na kizunguzungu cha damu. Sikumuambia taximan.

Bahamiaji bako kwenye uwanja wa shule moja, nje kidogo ya mji. Mashiti ya plastiki, moshi, batoto. Kijana wa listi amekaa kwenye dawati.

"Jina ya chef de famille?"

Sijui.

"Unatafuta mutu, na haujue jina yake?"

"Natafuta baba mukwe ya Vestine."

Akaniangalia kama nimelewa. Akasema huku bazee ni mingi na ba Vestine ni mingi. Nikamuambia aniache. Nikaenda katikati ya uwanja, nikapanda juu ya tofali, nikaita kwa sauti yangu ya mechi ya mpira. Baba mukwe wa Vestine. Yule Vestine mwenye mimba, aliyebaki Butembo Jumatatu. Niliita kwa Swahili, na kwa kale Kinyarwanda Bibi Mwamini alinifundisha. Sebukwe, baba mukwe wake. Batoto bakaanza kunifuata bakiniigiza. Bakubwa bakageuza uso. Mutu wa mji anapokuja kuita mutu mu kambi, si kwa uzuri. Ninaelewa. Nilizunguka uwanja mara mbili, sauti ikakauka.

Niliona muzee mumoja, kofia ya sufi, ameshika fimbo na hanyanyui macho. Bengine baliniangalia kwa pembeni ya jicho, yeye hapana. Nikaenda nikachutama mbele yake. Nikamuambia: Muzee, miye ni muganga. Sikukuletea mambo mabaya.

Akasema hamujui Vestine yeyote.

Nikamuambia mutoto ni binti. Kilo mbili na nusu. Jana alikuwa ananyonya.

Muzee akavua kofia, akafunika nayo uso.

Baadaye alinieleza. Siku ile kwenye lori aliomba ateremuke naye. Bakamukatalia. Tangu Jumatatu halali, na hakuthubutu kuuliza mutu, akiogopa kusema ana mutu Butembo.

Alitoa jeton yake, ile kadi ya bahamiaji, kutoka kwenye soksi. Akaniambia jina lake. Ni jina refu, lina maana nzuri, alinieleza maana yake. Kijana alilikuta kwenye listi, akamupa Muzee karatasi ya kusafiri siku ine. Jina nitalipeleka kwenye fiche kwa sababu serikali inalitaka. Hapa mu kitabu changu siliandiki. Hapa nakaa na ndugu yangu, na ndugu yangu halitaji.

Tulirudi batatu juu ya moto. Muzee katikati. Kwenye kona mbaya ya Kabasha akamuita Mungu.

Jumapili, tarehe 9

Muzee hakuingia mu salle. Tulimuambia aingie. Alibaki nje ya mulango, akageuza mugongo, akaangalia lavabo ya kunawia mikono. Vestine alipomusikia akajifunika kichwa na kitenge. Bibi Mwamini akakaa kwenye kizingiti katikati yao. Muzee akamuambia Bibi Mwamini amuulize Vestine kama ana maumivu. Bibi Mwamini akauliza. Vestine akajibu, Bibi Mwamini akapeleka jibu. Ikaenda ikarudi hivyo. Mutoto akapitishwa kwa mikono ya Bibi Mwamini, Muzee akamupokea akiwa bado anaangalia lavabo.

Kila mutu mu salle aliona. Hakuna aliyehitaji hotuba yangu, na nilikuwa nimeitayarisha nzuri.

Mama Kavira alikuwa anapanga vidonge. Aliacha. Aliangalia mule mulangoni. Alitoka, akarudi na kiti cha bureau yake, kile chenye mito, akakiweka nje nyuma ya Muzee. Hakumuamukia. Muzee akakaa.

Kisha Mama Kavira akaomba jeton. Akachukua fiche, akakata Habimana na mustari mumoja na rula, akaandika juu yake jina la kweli. Herufi moja moja. Kwa kawaida akiandika jina anasoma kwa sauti, ni tabia yake tangu zamani. Leo mudomo ulikuwa umefunga.

Nilimufuata mu corridor nimushukuru. Wasingya, Mama. Akasema nisimushukuru, demande d'explication iko palepale. Akasema tena, bila kuniangalia, kwamba mama yake alimuita baba mukwe wake "Mwenye Ng'ombe". Hata ng'ombe zilipokufa zote.

Jumatatu, tarehe 10

Mutu wa koti alikuja. Akakuta Muzee, jeton, fiche, karatasi ya Beni, vyote na cachet. Alitafuta kosa muda murefu. Hakupata. Akaenda.

Nyuzi ni safi. Docteur anamuacha mupaka kesho.

Jumanne, tarehe 11

Baliondoka asubuhi, na gari la mutoto wa Bibi Mwamini anayepeleka chumvi Beni. Vestine mbele na mutoto. Muzee nyuma juu ya mifuko, kwa heshima, mbali na bibi-arusi. Alisema murakoze, asante, mara moja, akanishika mukono kwa mikono yake yote miwili. Bibi Mwamini alibaki na binti yake. Aliniambia nilale, nimekonda kama mukuki.

Jumatano, tarehe 12

Kitanda cha tano kuna baba mwenye malaria. Anakoroma. Mvua tangu saa saba. Salle imetulia.

Jibu lazima liende kabla ya saa kumi. Nimechana karatasi tatu. Ya kwanza niliandika kwamba muganga wa kweli hachagui mugonjwa. Ya pili niliweka Kifaransa kikubwa. Ya tatu niliandika habari ya mukono wangu, miaka kumi na moja, hakuna aliyekufa. Nikaisoma. Nikaiweka chini.

Kosa la Habimana nimelikubali, mustari mumoja. Kwa nini nilijifanya ndugu, hapo kalamu inasimama.

Wakati wa Ebola nilikuwa kwenye kituo kidogo, njia ya Mangina. Siku moja saa ine asubuhi alifika mwanamuke, kwa miguu, peke yake. Mugeni. Lugha yake hakuna aliyeijua kati yetu, na miye sikujaribu. Alikuwa anasema neno moja, lile lile. Alikuwa na joto. Niliogopa, na zaidi ya kuogopa, alinichosha. Nilimuonyesha benchi ya nje kwa kidole. Hana mutu wa kumusemea, nikasema atangoja. Nikapokea batu ba hapa, mumoja mumoja. Nikaenda kula. Niliporudi saa tisa alikuwa amekufa, amekaa vilevile, kichwa kwenye ukuta.

Bakamupima baadaye. Haikuwa Ebola.

Mu kitabu cha kituo niliandika: alifika akiwa ameshakufa. Jina: hajulikani. Sikumuuliza jina. Alifika anatembea, saa ine, mu zamu yangu.

Mukono wangu hauna bahati. Nilidanganya.